Bustani ndogo nyuma ya nyumba: jinsi ya kupata mboga hata wakati wa kiangazi



Tunapotembelea makazi, swali tunaloulizwa mara nyingi si la namna ya kupanda mboga. Wengi wenu mlikuwa wakulima kabla ya kukimbia, tena hodari kuliko baadhi yetu tunaoandika karatasi hii hapa Kampala. Swali lenu ni jingine: mvua zikiisha, mboga nazo zinaisha, na sokoni fungu la mchicha linapanda bei wiki hadi wiki. Tufanye nini katika miezi hiyo? Karatasi hii inajibu swali hilo. Mambo ya mahindi na maharage ya shambani hatutayagusa.

Kila mmoja wenu anajua kwa nini jambo hili lina uzito. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao kwa asilimia 30 kwa sababu ya upungufu wa fedha. Februari 2021 ukapunguzwa hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 WFP ilitangaza kwamba watu milioni moja hapa Uganda wameondolewa katika msaada wa chakula. Isitoshe, hata mgao ulipokuwa kamili ulikuwa wa nafaka, maharage, mafuta na chumvi. Majani mabichi hayakuwamo.

Hatusemi kwamba gunia la mboga mlangoni litachukua nafasi ya mgao. Halitaweza, na anayewaambia hivyo hajawahi kulisha watoto sita. Tunachosema ni kwamba sahani ya ugali yenye mboga za majani kila siku ni tofauti kubwa kwa mtoto mdogo na kwa mama mjamzito, na kwamba sahani hiyo inaweza kupatikana hata mwezi wa Januari. Ila kazi yake inaanza kabla mvua hazijakatika.

Waliyoyapitia watu wa Kampala

Wakazi wa mji huu waliwahi kupita njia hiyo. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ilianguka, bidhaa zikaadimika, na mshahara wa mwezi ukawa hautoshi chakula cha wiki. Watu wa mjini wakashika jembe. Walilima nyuma ya nyumba, kando ya reli, mabondeni, kwenye kila kipande kilichoachwa wazi. Sheria za mji zilikataza, na mara nyingine mazao yalifyekwa, lakini hawakuacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Daniel Maxwell alipochunguza jambo hili, alikuta kwamba kadiri ya theluthi moja ya familia za Kampala zilikuwa zinalima chakula ndani ya mji. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha jambo linalotuhusu zaidi: watoto wa familia zilizolima walikuwa wamekua vizuri kuliko wenzao wa familia zisizolima. Mwaka 2006 mji ulitunga kanuni za kuruhusu kilimo kwa kibali badala ya kukikataza.

Mji huo huo unatupa onyo pia. Katika bonde la Nakivubo, ambako maji machafu ya Kampala hupita kwenda Ziwa Victoria, watu wamepanda magimbi na miwa kwa miaka mingi, na watafiti wamekuta madini ya sumu katika mazao ya maeneo ya namna hiyo. Mtafiti Grace Nabulo na wenzake walipima mboga za kando ya barabara za Kampala wakakuta risasi kwenye majani, na ushauri wao ulikuwa kwamba mboga za majani zisipandwe karibu zaidi ya mita 30 na barabara kubwa. Kambini magari ni machache, lakini malori hupita na jenereta zipo. Kwa hiyo usipande mboga kando ya barabara kuu ya makazi, wala chini ya choo mahali ambapo maji yake yanateremkia, wala mahali palipomwagwa oili ya gari.

Kiwanja kidogo kinatosha

Waliofika Bidibidi kuanzia mwaka 2016 walipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, ikiwemo nafasi ya nyumba, choo na jiko. Wengine wana kidogo kuliko hicho. Ndugu zetu walioko hapa mjini, Katwe na Nsambya, wengi wana kibaraza tu. Kwa mboga za majani, hata kibaraza kinatosha, maana tunazungumzia gunia.

Tafuta gunia la kilo 100, la katani au la nailoni lililo imara. Changanya udongo wa juu makarai matatu kwa karai moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi ya mbuzi au ya kuku huunguza mizizi, kwa hiyo irundike, ifunike kwa majani ya migomba, na uigeuze mara kwa mara kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Ikiwa tayari haina harufu mbaya na inavunjika mkononi kama udongo. Kinyesi cha binadamu kisitumike kabisa.

Sasa chukua mkebe wa mafuta ya kula na uondoe vifuniko vyote viwili, juu na chini. Usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ya ukubwa wa yai, kisha jaza udongo pembeni mpaka ufike usawa wa mkebe. Vuta mkebe juu, mawe yabaki. Jaza tena mawe, jaza tena udongo, vuta tena, mpaka gunia lijae. Mwishoni utakuwa na nguzo ya mawe katikati, nayo ndiyo siri ya gunia. Maji ukiyamimina juu ya mawe hufika mpaka chini. Bila mawe, mimea ya juu hunywa na ya chini hufa, halafu watu husema magunia hayafai.

Toboa matundu ubavuni kwa kisu, madogo ya kupitisha kidole, yakiachana kama shubiri moja, na yasiwe mstari mmoja wima bali yapishane. Pandikiza miche ya sukuma wiki matunduni. Juu ya gunia panda kitunguu, nyanya moja au mbili, au mchicha. Weka gunia mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kidogo mchana. Wakati wa kiangazi jua la saa nane mchana kwenye gunia la nailoni huchemsha mizizi.

Maji yatumike mara mbili

Hapa ndipo bustani nyingi za kambini hufa, na mara nyingi si kwa sababu maji hayapo. Fanya hesabu. Familia ya watu sita, kila mmoja akioga kwa lita 5, humwaga lita 30 chini kila siku. Gunia moja wakati wa jua kali linahitaji lita 5 hivi kwa siku. Kwa hiyo maji ya kuoga peke yake yanatosha magunia sita, bila kuongeza hata jerikani moja kutoka bombani.

Maji ya kuoshea mchele, maharage na mboga ni mazuri kabisa. Maji ya kuoga na ya kusuuzia vyombo yanafaa, sabuni ya kawaida kidogo haiui mmea. Maji ya kwanza ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga yasitumike, wala maji yenye dawa ya kung'arisha nguo. Mimina kwenye mawe au udongoni, usimwage juu ya majani, na usitumie maji hayo kwa mboga zinazoliwa mbichi. Kila baada ya siku kadhaa mwagilia kwa maji safi ili chumvi ya sabuni isijikusanye. Saa nzuri ni jioni au alfajiri.

Mahali pa kuogea chimba mfereji mfupi unaopeleka maji kwenye shimo la mpapai, mgomba au miwa. Maji yasisimame, kwani mbu watazaliwa hapo. Na kwa wenye migomba, tahadhari moja: ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uliingia Uganda mwaka 2001 na umeharibu migomba ya maelfu ya watu. Dalili zake ni ndizi kuiva kabla ya wakati na usaha wa manjano unaotoka ukikata shina. Panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine, na ua la chini la mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga.

Kwenye tuta la kawaida funika udongo kwa nyasi kavu kimo cha vidole vinne. Nyasi zisiguse shina, maana mchwa hufuata nyasi na wakimaliza nyasi hula shina.

Usipande yote siku moja

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe miaka kadhaa. Mvua inanyesha, mtu anafurahi, anapanda mbegu zote. Wiki ya nne mchicha umejaa uani, anawagawia majirani, mwingine unachanua. Wiki ya nane hakuna kitu.

Panda kidogo kidogo, kila wiki mbili kipande cha hatua moja kwa hatua moja. Mbegu za mchicha, yaani lengalenga au doodo, ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize, la sivyo zitaota zote mahali pamoja. Baada ya wiki tatu au nne ng'oa ile iliyosongamana uile kwanza, iliyobaki ikate kwa urefu wa kiganja kutoka chini nayo itachipua tena. Kunde zinachumwa majani kuanzia wiki ya nne hivi, na maboga vilevile huliwa majani kabla ya tunda. Nakati, mboga wanayoipenda Waganda, huchukua karibu miezi miwili. Wale wasioijua waijaribu; ni chungu kidogo, na ukiipika na karanga uchungu wenyewe unakuwa ladha.

Mboga ya kiangazi hasa ni sukuma wiki. Mche mmoja uliotunzwa utakupa majani kwa miezi mingi. Unaoteshwa kwanza kitaluni, mbegu kina cha nusu kidole, na kuhamishwa baada ya wiki nne au tano ukiwa na majani manne hadi sita. Jambo kubwa ni tarehe. Makazi ya kusini na magharibi, kama Nakivale, Rwamwanja na Kyaka, mvua za pili huanza Septemba na kuisha Desemba. Kitalu kiwe tayari katikati ya Oktoba, ili miche ihamishwe katika nusu ya pili ya Novemba na mizizi ishike udongo ukiwa bado una unyevu. Kwa kiangazi cha Juni mpaka Agosti, kitalu kiwe mwezi wa Aprili. Kule West Nile mvua huelekea kwisha mwezi wa Novemba na jua linaendelea mpaka Machi, kwa hiyo anzeni kitalu mwishoni mwa Septemba. Anayesubiri kuona jua ndipo aoteshe amechelewa.

Ukichuma sukuma wiki chuma majani ya chini, na uache matano au sita ya juu kila mara. Mche ulionyolewa wote hupumzika mwezi mzima.

Viazi vitamu vya njano

Mtoto asiyeona vizuri jioni giza linapoingia, anayejikwaa wakati wenzake wanacheza, huenda amekosa vitamini A. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, msingoje bustani. Lakini ili wengine wasifike huko, mboga za kijani kibichi na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa ni chakula muhimu, hasa vikiliwa na mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Mwaka 2007 Uganda ilitoa aina mbili za viazi hivyo zilizozalishwa nchini, zinazojulikana kama Vita na Kabode. Mganda Robert Mwanga, aliyefanya kazi hiyo ya kuzalisha viazi, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Shida ya viazi ni kwamba kiangazi kinaua mashina, na mvua ikija hakuna cha kupanda. Watu huenda kuomba kwa majirani, na kwa kuwa mashina ni machache huchukua hata yenye ugonjwa. Kuna njia iliyofanyiwa kazi hapa Uganda na Tanzania, nayo haihitaji pesa. Wakati wa kuvuna chagua viazi vidogo visivyo na tundu wala jeraha, kutoka kwenye mimea yenye majani mazuri. Weka mchanga mkavu kwenye beseni kuukuu, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga mwingine, panga tena. Weka beseni ndani ya nyumba, mahali pakavu, mbali na panya na kuku. Angalia mara moja kwa mwezi na utoe kilichooza. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande viazi hivyo kwenye tuta karibu na mahali pa kuogea, zungushia miiba, mwagilia. Kiazi kimoja hutoa makumi ya vipandikizi. Mvua ikinyesha wewe una mashina yako, na jirani atakuja kwako.

Katika kupanda, kata ncha zenye urefu wa shubiri moja na nusu, fukia theluthi mbili. Mmea uliodumaa wenye majani madogo, yaliyopauka au kukunjamana una ugonjwa wa virusi. Ung'oe. Viazi vinapopasua udongo, ziba nyufa kwa jembe, maana fukusi hupitia humo kwenda kutaga mayai.

Wadudu na magonjwa

Mdudu wa kwanza kambini ni mbuzi, wa pili ni kuku. Tunasema kwa utani, lakini bustani nyingi tulizoziona zimeharibiwa usiku mmoja na mbuzi wa jirani, na ugomvi ukafuata. Uzio wa miiba unafaa kujengwa kabla ya kupanda, na jambo hili lizungumzwe na viongozi wa kijiji mapema.

Asubuhi ukikuta mche umekatwa chini kama kwa kisu, aliyefanya hivyo ni sota, funza mnene wa kijivu anayejikunja akiguswa. Hajaenda mbali. Chimbua kwa kidole kuzunguka mche uliolala, utampata kina cha vidole viwili, umwue. Miche iliyobaki izungushie pete ya gazeti au ya jani la mgomba chini ya shina, na majivu makavu juu ya udongo. Majivu yakilowa hayana kazi tena, ongeza.

Vidukari, wale wadogo wa kijani au weusi wanaojazana chini ya majani machanga ya kunde na sukuma wiki, wanaondoka kwa maji ya sabuni. Kuna sabuni ya mche. Ikune, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, koroga mpaka iyeyuke. Nyunyiza jioni upande wa chini wa majani, na asubuhi suuza. Rudia baada ya siku tatu au nne. Jani lililojikunja lenye wadudu wengi likate uwape kuku. Viwavi wa sukuma wiki waokoteni kwa mkono. Watoto huifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wazee, macho yao ni makali.

Nyanya ni mgonjwa wa kudumu. Majani yakipata mabaka meusi yenye ukungu mweupe chini wakati wa mvua, huo ni ugonjwa wa ukungu, na huenda upesi. Panda kwa nafasi, simamishia miti, ondoa majani yanayogusa udongo, usimwagilie juu ya majani. Lakini nyanya ikinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, mchana kweupe na udongo una maji, fanya jaribio hili. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka ndani ya maji, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa mmea na mizizi yake, uuchome, na mahali hapo usipande tena kwa muda mrefu nyanya, nakati, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, kwa sababu hizo zote ni jamaa moja na ugonjwa unazishika zote. Panda mahindi au mchicha. Na usichukue udongo huo kujazia gunia.

Sumu ya dukani

Hapa tunaomba msome polepole, na asiyesoma asomewe.

Katika masoko ya makazi na hapa mjini huuzwa dawa za wadudu zilizopimwa kutoka chombo kikubwa na kutiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, bila karatasi ya maelezo. Msinunue. Hamtajua ni dawa gani, inachanganywa kiasi gani, wala mboga inaruhusiwa kuliwa baada ya siku ngapi. Na mtoto mwenye kiu hajui tofauti ya chupa na chupa. Chombo halali kina karatasi iliyobandikwa, na chini yake mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, kisha kijani. Hata ya kijani ni sumu.

Mchicha huliwa wiki ya nne. Dawa nyingi huhitaji siku saba, kumi na nne au zaidi kabla ya kuvuna, kwa hiyo anayepuliza mchicha anakula dawa yenyewe. Ushauri wetu ni kwamba mboga za majani za nyumbani zisipulizwe dawa ya dukani hata kidogo. Jani lenye matundu halimdhuru mtu. Nyanya za sokoni zenye vumbi jeupe au la samawati zimepulizwa dawa ya ukungu; zioshwe vizuri kwa maji yanayotiririka. Maji ya tumbaku, ambayo wazee wengine hupendekeza, nayo ni sumu kwa binadamu, na hayafai kwa mboga.

Mtu akimeza dawa au ikimwagikia, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni, na mpelekeni kituo cha afya pamoja na chombo cha dawa. Aliyemeza asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa.

Mashina ya mihogo

Wengi mnapanda mihogo kwa ajili ya sombe kama kwa ajili ya mizizi, na mstari mmoja kandokando ya kiwanja ni jambo zuri, kwani mhogo hauogopi kiangazi. Lakini kumbukeni yaliyoipata nchi hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilienea kutoka Luwero, na katika miaka ya 1990 wakulima wa sehemu nyingi, hasa mashariki, waliacha kabisa kupanda mihogo, na njaa ikaingia. Mbegu mpya zenye kinga, zinazoitwa NASE, ndizo zilizorudisha zao hilo. Halafu mwaka 2004 ukaonekana tena ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi: majani yanaweza kuonekana mazuri, na ukivuna ukakuta mhogo umeoza ndani, mkavu wa kahawia kama gome.

Magonjwa yote mawili husafirishwa na inzi weupe wadogo, lakini husafiri mbali zaidi mkononi mwa mtu aliyebeba mashina. Kwa hiyo usichukue shina kwenye mmea wenye majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano. Na kabla ya kuchukua mashina kwa jirani, mwombe ang'oe mmea mmoja mkakate mizizi pamoja. Ikiwa na kahawia ndani, mshukuru na uondoke bila mashina.

Kuweka mbegu

Pakiti za mbegu tunazogawa hazitoshi kila msimu, hatutaki kuwadanganya. Acha mimea mitatu au minne ya mchicha iliyo bora, isiyochumwa, ichanue mpaka mbegu ziwe nyeusi na zitoke ukizisugua. Kata mashuke, yakaushe kivulini juu ya kitambaa, upepete. Nakati inaachwa mpaka matunda yawe mekundu, kisha yanapondwa, yanalowekwa siku mbili, yanaoshwa mpaka mbegu nzito zibaki chini. Kunde zinaachwa zikauke mtini. Sukuma wiki haitoi mbegu kwa urahisi kwenye joto letu, hiyo itabidi kununua, au kukata machipukizi ya pembeni ya mche mzee na kuyapanda kitaluni kivulini.

Mbegu zikishakauka kabisa ziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, majivu kidogo chini na juu, na uandike jina na mwezi. Kabla ya kupanda zote, otesha kumi kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota saba au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota nne, nyunyiza mara mbili ya kiasi hicho. Zikiota moja au mbili, tafuta nyingine kabla Oktoba haijafika.